Kipimo cha mguu kimesoma 1.5, mbona baba bado anaumwa?

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 64, ana kisukari cha muda mrefu na anavuta sigara. Akitembea kidogo, kigimbi cha mguu wa kulia kinambana mpaka asimame. Akipumzika dakika mbili tatu maumivu yanaisha. Alipimwa presha ya kifundo cha mguu ikagawanywa kwa ya mkono, jibu likawa 1.5. Tukaambiwa damu inafika vizuri. Mbona anaumwa?

Jibu: Marahaba. Hiyo 1.5 msiipokee kama habari njema. Kwa kawaida jibu huwa kati ya 1.0 na 1.4. Kifundo kikisoma 84 na mkono 140, unapata 0.6, na hapo hakuna ubishi: kuanzia 0.9 kushuka, ateri, yaani mshipa unaopeleka damu mguuni, imeziba au imekuwa nyembamba. Likizidi 1.4, kipimo chenyewe hakiaminiki. Kisukari cha miaka mingi huingiza chokaa kwenye ukuta wa ateri ukakakamaa. Mkanda wa presha unaminya, ateri haibonyei, namba inapanda hata kama ndani damu inapita kwa shida. Ombeni apimwe presha ya kidole gumba cha mguu, maana ateri za vidoleni mara nyingi hunusurika na chokaa hiyo, au ultrasaundi ya dopla, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha damu inavyopita.

Maelezo yako yananifanya nishuku paja. Ateri ya paja hushuka hadi nyuma ya goti ndipo igawanyike kwenda chini, na huziba zaidi pale juu kidogo ya goti. Kigimbi, kinachodai damu nyingi mtu akitembea, ndicho hulalamika kwanza.

Sigara iachwe kabisa. Hili nalisisitiza kuliko dawa yoyote. Daktari wake ataamua kuhusu statini, dawa ya kushusha kolesteroli, na aspirini. Na atembee: mpaka maumivu yawe ya wastani, apumzike, aendelee, dakika 30 hadi 45, angalau mara 3 kwa wiki, miezi 3. Ila kwanza mvue viatu mkague nyayo na katikati ya vidole, kila siku, kwani ganzi ya kisukari huficha kidonda. Akiwa na kidonda, au maumivu ya usiku yanayopungua akining'iniza mguu kitandani, mazoezi yasubiri, aonwe haraka na daktari wa mishipa. Mguu ukipoa na kupauka ghafla, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.