Mashine inazima ikifunguliwa resi yote: acheni kuongeza oili

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Kilwa Kivinje. Nina boti ya faiba na mashine ya Yamaha ya farasi 40, ile ya kuchanganya oili kwenye petroli, niliinunua ikiwa imeshatumika. Inawaka kwa mvuto wa kwanza au wa pili, silensa (mwendo wa taratibu bila resi) inakaa vizuri, na nusu resi inakwenda bila shida. Nikifungua yote, baada ya kama dakika kumi inaanza kukohoa, nguvu inashuka, halafu inazima. Kijana akiminya ile pampu ya mkono ya kwenye mpira wa mafuta inafufuka, akiacha inakufa tena. Fundi wa hapa ameshafungua kabureta mara tatu, na mara ya mwisho alichokonoa jeti, kile kitundu cha kupitishia mafuta, kwa waya akaipanua kidogo ili ipate mafuta mengi. Sasa anasema oili ni ndogo, niweke lita nzima kwenye dumu la petroli la lita 20. Dumu ni la kawaida, mpira umepita kwenye kifuniko na pale nimekaza kwa vipande vya tyubu ili maji ya chumvi yasiingie. Je, ninunue kabureta mpya?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kabureta usinunue. Na hiyo lita ya oili usiimwage kwenye dumu. Nitaeleza kwa nini, maana ndiyo iliyofanya swali lako nilijibu kabla ya mengine.

Umesema kijana akiminya pampu mashine inafufuka. Kwa maneno hayo umepima ugonjwa vizuri kuliko aliyefungua kabureta mara tatu. Jeti ikiwa na uchafu, kuminya pampu hakubadilishi kitu: bakuli la kabureta limejaa, mafuta yapo, ila tundu la kupitia limebanwa. Mkono ukileta uhai, basi bakuli lilikuwa linakauka na mafuta hayafiki. Tatizo liko kati ya dumu na kabureta, na sehemu kubwa ya njia hiyo wala si mashine: ni dumu, mpira, pampu ya mkono na viungio. (Ingekuwa ukiminya ndiyo inazidi kukabwa na kutoa moshi mzito, ningekwambia mafuta yanafurika, tuangalie sindano na boya la kabureta. Kwako si hivyo.)

Mashine ya 40 ikifunguliwa yote inakunywa lita 15 kwa saa na kuzidi. Ikiwa silensa inaonja tu. Njia iliyobanwa inaweza kuilisha ikiwa imetulia, haiwezi kuilisha ikikimbia. Na sasa jeti imepanuliwa, kwa hiyo bakuli linamwagwa haraka zaidi wakati kinachoingia ni kilekile. Fundi wako ameufanya ugonjwa uje mapema kuliko mwanzo, ukamlipa.

Mtuhumiwa wa kwanza ni dumu lako. Umekaza mdomo kwa tyubu, maji ya chumvi hayaingii, vizuri. Hewa nayo inaingilia wapi? Mafuta yakitoka lazima hewa ichukue nafasi yake, la sivyo dumu linajinyonya lenyewe mpaka pampu inashindwa kuvuta. Nyonya maji kwenye chupa ya plastiki bila kuachia mdomo, utaona chupa inavyobonyea. Dakika kumi za mwanzo unakwenda kwa hewa iliyobaki juu ya mafuta, baadaye basi. Siku itakapokohoa tena, punguza resi, legeza kifuniko. Ukisikia dumu linavuta pumzi na mashine ikarudi kwenye sauti yake, ugonjwa umeuona kwa senti sifuri. Tafuta tangi la boti lenye skrubu ya hewa, na kabla ya kuondoka uhakikishe imefunguliwa. Huwezi kulinunua leo, basi toboa tundu dogo juu ya dumu na ulikinge lisinyeshewe, lisizibwe kabisa.

Hewa ikiwa si tatizo, shika pampu ya mkono mashine inapokohoa. Ikiwa imenyonyea, imebonyea kama iliyokaliwa, kizuizi kiko nyuma yake kuelekea dumu: chujio la ndani limejaa takataka au mpira umekunjika. Ikiwa laini na haikazi hata ukiiminya sana, kuna mahali inavuta hewa, au vali zake za ndani zimechoka. Ikiwa imekaza kama jiwe na mashine bado inakufa, angalia mbele yake: chujio la pembeni ya mashine, kiungio, sindano ya kabureta. Mshale ulioandikwa juu yake uelekee kwenye mashine. Nimewahi kuletewa pampu iliyofungwa kinyume na mtu aliyekuwa ameshabadilisha plagi, koili na kabureta.

Hapa watu wengi wanapotea. Wanakagua mpira, hauvuji, wanasema ni mzima. Kipande cha kutoka dumuni hadi kwenye pampu ya mkono kinafanya kazi kwa kunyonya, na mpira unaonyonya ukipasuka haudondoshi mafuta nje, unaingiza hewa ndani. Unaweza kuupangusa asubuhi na jioni usione tone. Chomeka kipande kifupi cha mpira mweupe unaopitisha mwanga, ule unaostahimili petroli, karibu na mashine, kisha fungua resi mkiwa ndani ya ghuba. Ukiona mapovu yanakimbia, ndiyo hayo. Kata ncha zilizochakaa, weka klampu badala ya waya na vipande vya tyubu, badilisha oringi za viungio. Mpira wa maji au wa jiko la gesi usiutumie: petroli inauvimbisha kwa ndani, unabanika, na vipande vyake vinakwenda kujaza chujio.

Njia ya haraka kuliko zote ni kuazima. Muombe mwenzako mwenye Yamaha kama yako tangi lake na mpira wake wote, na mafuta yake humo ndani, uende nayo mwendo uleule. Ikikimbia bila kukohoa, mashine yako haina kosa. Ikikohoa vilevile, sasa fungua pampu ya mafuta ya mashine yenyewe. Ile inachezeshwa na presha ya chumba cha kranki, na ndani yake kuna ngozi nyembamba ya mpira. Ikikakamaa haivuti vya kutosha. Ikitoboka, petroli inapita moja kwa moja hadi chumba cha kranki na plagi ya upande huo inatoka nyeusi na mbichi. Seti ya ngozi hizo ni bei ndogo sana ukilinganisha na kabureta.

Sasa oili. Hakuna ushauri unaonichosha pwani hii kama huu. Kutoka Kivinje hadi Msimbati, mashine ikikohoa dawa ni oili, ikipata moto dawa ni oili, ikigoma kuwaka dawa ni plagi halafu oili. Mashine ya kuchanganya haina sampu ya oili kama gari. Oili yake inasafiri ndani ya petroli, inaingia nayo kwenye chumba cha kranki, inalainisha beringi na kuta za silinda, kisha inaungua. Haina mlango mwingine. Petroli ikipungua njiani, oili imepungua kwa kiasi kilekile, dakika ileile, hata kama umechanganya dumu zima likawa uji. Ya kwako inapokohoa huku umeshikilia resi yote, mambo mawili yanatokea pamoja: petroli kidogo kwenye hewa nyingi inawaka kwa joto kali zaidi, na wakati huohuo ulainisho umepungua. Pistoni inatanuka, inakwaruza silinda, ringi zinanasa.

Kisha fundi anafungua, anakuta mikwaruzo, anamgeukia mwenye boti: "Si nilikwambia oili ndogo?" Mwenye boti anakubali kwa sababu mikwaruzo anaiona kwa macho. Analipa silinda ichongwe, pistoni mpya, ringi mpya, anarudi baharini na dumu lilelile lililokazwa kwa tyubu. Safari hii anaweka oili mara mbili. Inakufa tena, na sasa wanasema pistoni zilikuwa bandia.

Kipimo cha mashine nyingi kama yako ni 50 kwa 1, yaani mililita 400 kwa lita 20. Ikiwa mpya au imetoka kufungwa upya, saa 10 za mwanzo kwa kawaida ni 25 kwa 1, mililita 800, na nadhani mazoea ya kuzidisha yalianzia hapo: mtu alianza hivyo akasahau kurudi. Fuata kitabu cha mashine yako, namba zake ndizo za mwisho. Lita nzima imezidi hata kile cha mashine mpya. Itakachokupa ni masizi juu ya pistoni, ringi zinazoganda kwenye njia zake, bomba la moshi lililoziba, plagi zisizokaa wiki. Halafu kuna jambo ambalo hawa wanaoshauri hawalifikirii kabisa: oili inachukua nafasi ya petroli. Kila lita inayopita kwenye jeti sasa ina petroli pungufu na ni nzito zaidi kupita. Mashine yenye njaa umeipunguzia chakula.

Aina ya oili ni muhimu kuliko wingi wake. Kopo liwe limeandikwa TC-W3, hiyo ndiyo ya mashine za boti zinazopozwa kwa maji. Ya msumeno, ya pikipiki, na mbaya zaidi ile nyeusi iliyomwagwa kutoka kwenye gari, ziache.

Jeti. Tundu lake limepimwa kiwandani na namba yake imepigwa pembeni. Waya wa chuma ukishapita, namba hiyo imekuwa uongo. Ukishatengeneza njia ya mafuta mashine itapata mafuta ya kutosha kwenye tundu lililopanuliwa, itatoa moshi mweusi, itakunywa kupita kiasi, na atatokea mwingine wa kukwambia upunguze kwenye skrubu ya kabureta. Skrubu ile inahusika na silensa na resi ndogo. Ukiizungusha usiku kucha haitagusa resi ya mwisho. Nunua jeti mpya yenye namba ya kitabu. Kusafisha ni kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa, na kukiwa na kipande kilichoganda, uzi laini wa nailoni wa mshipi unatosha. Mvuvi hakosi nailoni.

Kwa sasa, mpaka utengeneze, usimweke kijana akiminya pampu huku mnakimbia resi yote. Anaisaidia kwa kukisia, leo nyingi kesho haba, na pale nyuma pana mvuke wa petroli na mara nyingi pana sigara. Nendeni nusu resi au chini yake, msivuke mbali, na makasia yawemo, hasa kusi likianza kuchafua bahari.

Nikishaanza habari ya dawa za mkato siwezi kuacha ya mafuta ya taa. Yamaha wana mashine za kiwandani zinazotumia mafuta ya taa, zina herufi EK. Zinawashwa kwa petroli kwanza, na mgandamizo wake umepunguzwa makusudi. Mtu anaiona kwa jirani, anakwenda kuchakachua dumu la mashine yake ya petroli. Humo ndani inagonga, pistoni inatoboka juu. Tena akiba yenyewe haipo: kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa mwaka 2011 ili kukomesha uchakachuaji huohuo, na bei yake ikasogea jirani na petroli. Petroli ya chupa za ufukweni ijaze kwenye chupa nyeupe uiache itulie kabla ya kuichanganya. Maji yanakaa chini, utayaona mstari wake. Maji hayabebi oili, na beringi za kranki zinaoza kwa kutu wakati wewe unabadilisha plagi. Wapo pia wanaotoa themostati, kile kifaa kinachozuia maji ya kupozea mpaka mashine ipate moto, moja kwa moja eti mashine ipoe. Tundu la kukojolea, lile linalorusha maji ya kupozea nje, likitoa maji haba, tatizo ni impela (kipande cha mpira kinachosukuma maji hayo) au chumvi iliyoganda kwenye njia zake. Mashine inayokimbia ikiwa baridi mno nayo inajaza masizi.

Na wale wanaojaribu mashine kwenye pipa. Wanaiwasha, wanapiga resi mara mbili, inalia vizuri, wanakudai. Kwenye pipa haina boti ya kusukuma, kwa hiyo haiombi mafuta, na ugonjwa kama wako hauwezi kuonekana humo hata wakeshe. Ukishamaliza dumu, mpira na jeti, mwambie fundi apande boti. Chukueni nyavu na watu wenu wa kawaida, mwende resi yote nusu saa mfululizo bila mtu kugusa pampu, ndipo umlipe.