Usiifuate filta ilipo, ilete ulipo wewe

SWALI

Shikamoo fundi. Nina pikapu Hilux ya mwaka 1994. Injini yake ya dizeli, aina ya 2L, ilikufa kabla sijainunua, mwenyewe wa zamani akaingiza aina ya 3L. Nabeba mchele kutoka Ifakara kwenda Iringa. Tangu masika yaishe, nikianza kupanda mlima wa Kitonga gari linakosa nguvu, linakohoa, halafu linazima. Nikikaa dakika kumi linawaka kama halijawahi kuumwa. Wananiambia ni filta ya dizeli. Sasa aliyeweka injini aliifunga hiyo filta kwenye kona, nyuma ya betri ya pili, chini ya mabomba ya breki. Mkono unaingia lakini hauna pa kuzungukia. Kijana wa gereji ya huku anataka kuitoboa kwa bisibisi aizungushie humo. Nimruhusu? Na upepo ukiingia kwenye mafuta nitautoaje?

Mwenye pikapu, Ifakara

JIBU

Marahaba, mwanangu. Usimruhusu.

Kutoboa ni ujanja wa filta ya oili, tena siku ambayo njia zote zimeshindikana. Bati la filta ya dizeli ni jepesi. Ukilitia bisibisi na filta yenyewe imegandia, bati linachanika kama kopo la maziwa. Unabaki na kile kisahani cha juu kimeng'ang'ania kwenye kichwa cha filta, yaani kile kipande kinachoishikilia, na hapo hakuna tena pa kushika. Halafu kwenye kona uliyoieleza bisibisi lenyewe litazungukia wapi? Litaishia kwenye bomba la breki, nawe una Kitonga ya kushuka wakati wa kurudi.

Kabla ya kununua chochote, tuhakikishe ugonjwa. Chini ya filta ya Toyota za namna hiyo kuna kidude cha plastiki chenye waya. Hicho ndicho kinachowasha taa ya maji kwenye dashibodi, na hapo hapo kuna koki ya kumwagia. Chukua chupa tupu ya maji ya kunywa, iwe inaangaza, ikinge chini, legeza koki, kisha pampu kwa mkono pale juu ya kichwa cha filta. Jaza nusu chupa uiache itulie. Maji ni mazito kuliko dizeli, yatakaa chini, na mstari utauona kwa macho yako. Ukiona maji ya kimo cha kidole, basi hata filta mpya haitakaa. Tangi nalo lishushwe lioshwe, na mafuta ya kwenye pipa la mtu pale njiani uachane nayo. Maji kwenye dizeli hayaishii kuzima gari tu. Pampu ya injini yako inalainishwa na hiyo hiyo dizeli, haina oili nyingine, kwa hiyo maji yakiingia humo ni chuma kwa chuma.

Lakini hilo la kuzima mlimani na kuwaka baada ya dakika kumi linanuka filta iliyoziba. Ukiwa tambarare injini inakunywa kidogo, karatasi inaruhusu. Kitonga, na mchele mgongoni, injini inataka zaidi ya kinachopita, pampu inavuta haipati. Ukisimama, mafuta yanajipenyeza polepole hadi yanajaa tena. Ndiyo maana unaona gari limepona.

Sasa kazi yenyewe. Watu wengi wanapoteza nusu siku kwa sababu wanaifuata filta ilipo. Wewe ilete ulipo. Filta imeshikwa na kichwa, kichwa kimefungwa kwenye bati la pembeni kwa bolti, mara nyingi mbili. Ukizifungua hizo, kichwa, pampu ya mkono na filta vinatoka vyote pamoja, unaenda kuvifungulia juu ya benchi kama mtu mwenye akili timamu.

Anza na betri. Una betri mbili, kwa hiyo toa waya wa hasi kwenye zote mbili. Ukitoa kwenye moja tu, waya wa chanya unabaki na umeme wa mwenzake, na spana moja ikigusa bodi utaona cheche. Ondoa ile betri ya pili pamoja na sahani yake. Najua bolti za sahani zimeliwa na asidi. Zimwagie maji ya moto, uzisugue kwa brashi ya waya, uzitie mafuta jioni, ufungue asubuhi. Sahani ikitoka, utashangaa ile kona ina nafasi kiasi gani.

Chomoa soketi ya waya kule chini. Shika plastiki yenyewe, usivute waya. Funga uzi mwekundu kwenye mpira unaoingia na mweupe kwenye unaotoka, maana ukiigeuza utakuja kunitukana mimi. Alternita ifunike kwa mfuko wa nailoni, dizeli isiidondokee. Kisha legeza klipu, chomoa mipira, uzibe midomo yake kwa vijiti safi ili vumbi la Ifakara lisiingie.

Pale benchi, bana bati la kichwa kwenye jiliwa, usibane filta. Kama huna mkanda wa kufungulia filta, kata tyubu ya baiskeli, futa bati likauke, lizungushie tyubu mara mbili na ushike kwa mikono miwili. Nimefungua nyingi namna hiyo. Kile kidude cha chini kihamishie kwenye filta mpya pamoja na oringi mpya. Ile ya zamani imeshakauka, itavuta hewa hata ukiibembeleza.

Hapa nikusimulie aibu yangu. Miaka mingi imepita, nilibadilisha filta ya Hilux ya mteja wa Dakawa, kazi ya robo saa. Kesho yake gari likazima njiani mara tatu. Nikapampu, likawaka, likazima. Nikasema pampu ya dizeli imekufa. Nikaishusha, nikaipeleka kwa mafundi pampu, mteja akalipa. Ikarudi, nikaifunga, gari likazima vile vile. Siku ya nne nikaifungua tena filta, nikapitisha kidole kwenye kichwa, nikakuta mpira wa filta ya zamani bado umeganda pale juu, mweusi, mwembamba kama sehemu ya chuma. Nilikuwa nimefunga mpira mpya juu ya mpira wa zamani. Tone la dizeli halikuonekana nje hata moja. Pale kati ya tangi na pampu ya injini mafuta yanavutwa, hayasukumwi, kwa hiyo penye upenyo hayamwagiki nje, hewa ndiyo inayoingia ndani. Gharama ya pampu nilimrudishia mteja kwa awamu. Tangu siku hiyo sifungi filta bila kupitisha kidole kwanza, na kijana wangu akisahau namnyang'anya spana.

Basi ukishapitisha kidole, paka mpira mpya dizeli safi, greisi hapana. Zungusha kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha ongeza kama robo tatu ya mzunguko. Kwa mkono tu. Usijaze filta kwa kumimina dizeli kwenye lile tundu kubwa la katikati. Huo ni upande wa mafuta yaliyokwisha kuchujwa, ukimimina hapo uchafu unaenda moja kwa moja kwenye pampu. Mimi huwa naifunga tupu, pampu ya mkono inajaza.

Rudisha kichwa mahali pake. Ukiweza, mwambie mchomeaji akutengenezee bati jipya, uisogeze filta ije mbele mahali pa wazi. Mipira iwe mipya na ya dizeli, si ya maji. Hiyo ndiyo pesa ambayo hutaijutia.

Kuhusu upepo: pampu kwa mkono. Mwanzoni kitufe kitakuwa laini, unasukuma hewa. Endelea, hata mara themanini, hadi kikaze kidole kishindwe. Washa kwa sekunde kumi, pumzika, washa tena. Mara nyingi 3L inaitika hapo. Ikikataa, legeza nati za mabomba kule kwenye nozeli zinazonyunyizia dizeli ndani ya injini, spana namba 17, nusu mzunguko tu, mtu mwingine apige stata mpaka povu liishe yatoke mafuta matupu, kisha kaza moja moja. Uso na mikono iwe mbali, maana mafuta ya pale yana nguvu ya kupenya ngozi.

Kama baada ya hayo asubuhi bado linasumbua kuwaka, weka kipande cha mpira unaoangaza kati ya filta na pampu ya injini, uangalie likiwa linanguruma. Vipovu vikipita, bado kuna mahali panavuta hewa. Rudi kwenye kichwa, na kidole chako.

SWALI

Habari fundi. Mekanika wangu huosha filta ya dizeli kwa petroli, anaipuliza na kompresa, kisha anairudisha. Anasema nisipoteze pesa. Ni sawa?

Msomaji, Nakuru

JIBU

Si sawa. Karatasi ya ndani ukiipuliza inapasuka mahali usipopaona, na kuanzia hapo ni afadhali usingekuwa na filta kabisa, angalau ungejua huna. Mimi kwenye barabara za vumbi nabadilisha kila kilomita 10,000.

Ukitaka kumshawishi bila ugomvi, mwombe ile ya zamani. Mwaga mafuta yote, iache wazi siku mbili ikauke, hasa kama imeshaoshwa kwa petroli, halafu kata bati kwa msumeno wa chuma kuzunguka ukingo wa juu, utoe karatasi na kuikunjua juu ya gazeti. Ile niliyoikata juzi ilikuwa na utelezi mweusi kila mkunjo, na chini kabisa, kwenye bati, unga wa kutu wa kujaza kijiko cha chai. Huo unga haukutoka kwenye filta. Mwulize tangi la gari lako lilifunguliwa lini mara ya mwisho.