Kabla hamjakikata kihamba viwanja: yaliyotupata sisi Moshi

Mleta uzi, umeuliza mawili kwa pamoja. La kwanza, mmerithi kihamba (shamba la ukoo la migomba na kahawa) cha ekari moja huko Uru, upana mita 40, urefu kama 100, kinashuka hadi mtoni. Dalali amewaambia kinatoa viwanja kumi vya 20 kwa 20, na mdogo wako anataka mgawane fedha kabla ya Pasaka. La pili, kwa nini serikali isipige tu marufuku ujenzi kwenye vihamba, kama Waingereza walivyoizungushia London ukanda wa kijani. Naomba niandike kwa urefu, maana hicho mnachotaka kukifanya sisi tulishakifanya.

Tuanze na hesabu ya dalali. Amechukua mita za mraba 4,000 akagawa kwa 400, akapata kumi. Hakuweka njia. Njia ya mita 6 kutoka barabarani hadi chini inakula mita za mraba 600, mnabaki na viwanja vinane vya 17 kwa 25. Hapo bado mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuuharibu mto, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Toa mita 60 kwenye mita zenu 100, mnabaki na 40 za juu. Ukiondoa njia, ni viwanja vinne vya 17 kwa 20. Hivyo vinne ndivyo mnavyoweza kumuuzia mtu mkamtazama usoni.

Sisi tulikata saba. Ilikuwa mwaka 2011, miezi michache baada ya matanga ya mzee. Kihamba chetu kilikuwa na umbo kama lenu, upande wa Mbokomu, tuko watoto wanne, kila mmoja ana shida zake. Hatukumwita mpima, tulipima kwa kamba na kuchomeka vijiti. Njia tuliyoacha ilikuwa ya kupita pikipiki na mtu aliyebeba ndizi kichwani. Viwanja vitatu vya chini tuliviuza bei rahisi kwa sababu viko karibu na mto, na mmoja wa wanunuzi alikuwa mwalimu aliyekusanya hela yake kidogo kidogo.

Urasimishaji, yaani kupima na kuhalalisha makazi yaliyojengwa bila mpango, ulipofika eneo letu miaka saba baadaye, afisa mipangomiji alikuja na ramani, akasimama kwenye ile njia yetu akainyoosha mikono pande zote mbili. Akasema gari la kunyonya majitaka halipiti hapa, na nyumba ikiwaka moto zimamoto wataishia barabarani. Kila mmoja akatakiwa arudi nyuma mita mbili, wakati mwenzetu mmoja alishajenga ukuta wa tofali wenye nondo. Vile vitatu vya chini havikupimwa kabisa. Yule mwalimu alikuja kwangu na karatasi yetu ya mauziano, ina sahihi yangu na za ndugu zangu watatu, akaniuliza: "Kaka, mlijua?" Tulikuwa tunaujua ule mto tangu utoto. Masika ya 2024 maji yaliingia sebuleni kwake hadi kwenye kiti.

Kuna jambo jingine ambalo hata ramani ya upimaji haikulionyesha. Juu ya kihamba chetu ulipita mfongo. Kwa wasio wa huku, mfongo ni mfereji uliochimbwa na wazee kuchepusha maji ya mtoni na kuyapitisha kihamba hadi kihamba, kwa zamu. Aliyenunua kiwanja cha juu aliufukia ili apate msingi, hakujua ni kitu gani, na sisi hatukumwambia. Chini yetu kulikuwa na nyumba nane zilizokuwa zikimwagilia migomba na kunyweshea ng'ombe wa ndani kwa maji yale. Mzee mmoja jirani alikuja na jembe lake begani, akasimama kwenye mfongo uliojaa majani makavu, hakusema neno. Mti mkubwa wa mruka uliokuwa unaikinga kahawa na jua ulidondoshwa siku hiyo hiyo. Masale, mimea tunayopanda kuonyesha mpaka, yaling'olewa yakarundikwa barabarani juu ya kifusi, na baada ya wiki tatu yakaanza kuchipua palepale juu ya kifusi.

Kwa hiyo sikubaliani na mchangiaji aliyesema hapo juu kwamba kijani ni anasa ya wenye nacho. Kihamba ni ndizi, kahawa, maziwa na kuni mahali pamoja, na ni sifongo ya maji. Mvua ikipiga kwenye migomba na matandazo inazama taratibu. Ikipiga kwenye bati na sakafu inaondoka mbio yote kwa pamoja, inamkuta mtu wa Msaranga au Rau huko chini. Na maji yanayozama huku juu ndiyo yanayolisha chemchemi za chini. Skimu ya mpunga ya Lower Moshi kule Mabogini inategemea mto Rau na mto Njoro. Kila kihamba kinachofunikwa zege huku, kuna mkulima kule anayelala shambani akisubiri zamu ya maji.

Lakini marufuku tupu nayo siiungi mkono. London ilipata sheria yake ya ukanda wa kijani mwaka 1938, na sheria ya mipangomiji ya 1947 ikaipa nguvu kubwa zaidi kwa sababu kila anayetaka kujenga alilazimika kuomba kibali kwanza. Mashamba mengi yamebaki kweli, sibishi. Ila ndani ya ule mduara nyumba ni ghali mno, na watu wengi wamehamia ng'ambo ya ukanda, wanakuja kazini kwa treni kila siku. Ukizuia hapa bila kusema wajenge wapi, watu wanaruka.

Na Moshi tayari imebanwa. Manispaa ina kilomita za mraba 58 hivi, na sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya 220,000. Kusini kuna miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC na mpunga, pembeni kuna msitu wa Rau, kaskazini ni vihamba hadi Nusu Maili, ule ukanda wa msitu uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na majani bila kuingia msitu mkubwa. Kijana aliyepata kazi mjini atalala wapi? Ndiyo maana nasema nyumba ziende juu. Njoro, Majengo, Pasua, kiwanja kimoja kimebeba nyumba ya chini ya vyumba vitatu na banda la uani. Ghorofa moja tu juu ya viwanja vya namna hiyo, vyenye barabara, maji na umeme tayari, inawaweka watu wengi bila kugusa mgomba hata mmoja. Hilo halmashauri inaweza kulirahisisha kwenye vibali, na hapo ndipo ningependa tupige kelele, kuliko kumfukuza mwenye kihamba kwa amri.

Turudi kwenu. Msiuze hata kiwanja kimoja kabla mchoro haujakamilika, kwa sababu kiwanja cha kwanza ndicho kinachoziba njia. Nendeni ofisi ya kijiji mkaulize kama eneo lenu bado ni ardhi ya kijiji au limeshatangazwa eneo la mipangomiji, kwani taratibu za hati zinatofautiana. Waiteni majirani wa kulia na kushoto. Nao wana mita 40 zao, mkichangia njia moja kati ya familia mbili kila upande unatoa mita 3 tu. Dada zenu wakae kwenye kikao hicho, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haitambui mila inayomnyima mwanamke ardhi. Mfongo kama upo, uchorwe kwenye ramani na uandikwe kwenye mkataba wa mauziano.

Zile mita 60 za chini pandeni majani ya ng'ombe na miti, ziwe za familia nzima, zisigawanywe. Mdogo wako mwambie kwamba kiwanja chetu cha barabarani, chenye hati, kiliuzwa tena kwa bei iliyozidi vile vitatu vya mtoni kwa pamoja. Jumamosi chukueni futi ya mita 50, mwanzie ukingoni mwa mto, mpandishe juu hadi mita ya 60 mkachomeke sale hapo, dalali akiwepo.