Maswali yenu: paiki, pikereli au maski?

Safari hii picha mlizonituma karibu zote ni za samaki wa jamii moja: mwili mrefu kama gogo, mdomo bapa wa bata, meno ya kukata kamba, na pezi moja la mgongoni lililorudi nyuma hadi karibu na mkia. Ni jenasi ya Esox, yaani ukoo wa paiki, pikereli na maski, na kila mmoja wenu anataka kujua wake ni yupi. Shida ni kwamba wengi mmepiga ubavu peke yake, na kwa samaki hawa ubavu ndio mwongo mkubwa. Nimechagua maswali yenye kitu cha kutazama.

Shikamoo mzee. Nimevua samaki wa sentimita 80 kwenye ziwa moja huko Minnesota, Marekani. Mwenzangu anashikilia ni maski, mimi nasema paiki. Nani mkweli?

Marahaba. Mkweli ni wewe. Ukimwona samaki wa namna hii, jiulize kwanza: kipi kimepakwa juu ya kipi? Paiki wa kaskazini, Esox lucius, ana mwili wa kijani kilichokolea, na juu yake vidoa vyeupe vya unjano vilivyorefuka kidogo kama punje za maharage. Maski, Esox masquinongy, amevaa nguo hiyo hiyo ndani nje: mwili wa rangi nyepesi, kijani cha fedha au hudhurungi hafifu, na juu yake madoa au milia ya giza. Wako ana vidoa vyeupe juu ya giza.

Halafu angalia mkia. Pezi la mkia la paiki lina ncha za mviringo, la maski limechongoka. Kwenye picha yako nusu ya mkia imefichwa na kiganja, lakini ile ncha moja iliyobaki ni butu kama kidole gumba.

Mwenzako asione haya. Kwa Kiojibwe, lugha ya watu waliowavua samaki hawa kabla yetu sote, paiki huitwa ginoozhe na maski ni maashkinoozhe, na humo ndimo jina la maski lilimotoka. Undugu wao umo ndani ya jina lenyewe.

Wangu hana doa wala mlia. Ubavu mtupu, kijivu cha kijani. Nimeambiwa basi si maski. Ni kweli?

Si kweli, na swali hili ndilo nililokuwa nalisubiri.

Maski ana mavazi matatu: wapo wenye madoa, wapo wenye milia ya wima, na wapo wasio na kitu kabisa. Hao wa mwisho wamewatoa jasho wavuvi wengi. Rangi nayo hubadilika kufuatana na maji, mwanga na umri. Kwa hiyo ubavu ukinyamaza, hamia kichwani. Huko kuna mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza ni magamba. Tazama shavu, yaani ile nyama iliyo nyuma ya jicho, kisha kile kifuniko kigumu kinachofunika matamvua. Paiki ana magamba shavu zima, lakini kwenye kifuniko yanaishia nusu ya juu. Nusu ya chini ni ngozi laini. Maski ana magamba nusu ya juu tu, kote kuwili. Pikereli amefunikwa kote kuwili bila kubakiza. Ute hufanya magamba madogo yasionekane, kwa hiyo usiamini macho peke yake, pitisha kidole kutoka nyuma kwenda mbele. Penye magamba patakwaruza.

La pili ni vitundu. Samaki akiwa bado ndani ya wavu, majini, mgeuze kidogo upate kuona chini ya taya. Panguza ute kwa kidole kilicholowa. Ukingoni mwa taya la chini, kila upande, kuna safu ya vitundu vidogo kana kwamba mtu amechoma kwa ncha ya penseli. Samaki huvitumia kuhisi mtikisiko wa maji. Hesabu vya upande mmoja. Pikereli aghalabu ana vinne, paiki vitano, maski kuanzia sita hadi tisa. Hesabu na upande wa pili, maana mara mojamoja pande hazilingani.

Mimi hili nilifundishwa kwa aibu. Niliwahi kumtangaza samaki wangu kuwa maski mbele ya boti mbili zilizojaa watu. Mzee mmoja akasogea, hakusema neno, akamgeuza yule samaki na kuanza kugusa taya kwa ukucha: moja, mbili, tatu, nne, tano. Akahamia upande wa pili: tano. Akaniangalia, akarudi kwenye boti yake.

Wako nimevihesabu kwenye picha ya tatu, ile uliyopiga kwa bahati wakati anapiga kelele kwa mkia. Vipo saba. Hongera, ni maski.

Na huyu mwenye milia kama chui milia? Duka moja lilimwandika kuwa ni spishi ya tatu.

Si spishi, ni chotara. Mzazi mmoja ni paiki, mwingine ni maski. Paiki hutaga mapema, barafu ikianza tu kuyeyuka. Maski husubiri maji yapate joto kidogo. Ndiyo maana hawachanganyiki sana, ila misimu ikigusana chotara huzaliwa ziwani bila mkono wa mtu. Wengi wanaovuliwa siku hizi lakini wametoka kwenye vituo vya kuzalishia samaki, kwa sababu hukua haraka, na kwa kuwa kwa kawaida ni tasa hawatajaza ziwa kuliko ilivyokusudiwa.

Milia yake imekatikakatika na kujipinda, giza juu ya rangi nyepesi, mizuri kupita ya wazazi wote wawili. Vitundu havitakusaidia hapa, maana hesabu yake huangukia katikati, vitano hadi vinane hivi. Tazama mkia: milia ya maski lakini ncha za mviringo za paiki. Na msidhani ni samaki mdogo wa maonyesho. Rekodi yake ya dunia ni ya mwaka 1919, kutoka ziwa la Lac Vieux Desert mpakani mwa majimbo ya Wisconsin na Michigan, kilo 23 na ushee. Zaidi ya miaka 100 imepita.

Kwenye kijito nimepata kadogo, sentimita 20. Ni paiki mchanga au ni pikereli?

Huyu ndiye anayewachanganya hata watu wazoefu, kwa sababu paiki mchanga bado hajavaa vidoa vyake. Huanza na michirizi ya rangi nyepesi, ambayo hukatika na kuwa vidoa kadiri anavyokua. Kwa hiyo ile kanuni ya madoa niliyoitoa hapo juu, kwa vitoto iwekeni pembeni.

Nenda kwenye kifuniko cha matamvua. Nusu ya chini ikiwa laini, ni paiki. Ikiwa na magamba mpaka chini, ni pikereli, na hapo kuna wakubwa na wadogo.

Pikereli mnyororo, Esox niger, hana haja ya kuelezewa sana: ubavuni ana mistari ya giza iliyosukana kama pingili za mnyororo juu ya kijani cha dhahabu, na chini ya jicho ana mstari mweusi ulioshuka wima, kama wanja uliochuruzika na machozi. Ni wa mashariki mwa Amerika Kaskazini, na hafikii ukubwa wa paiki hata kidogo. Rekodi yake, ya Georgia mwaka 1961, ni kilo 4 na robo tu.

Wadogo ni Esox americanus, na hawa ni nususpishi mbili. Mmoja ni wa upande wa Atlantiki, mwenye mapezi mekundu, na mwingine ni pikereli nyasi, wa upande wa Mississippi na Maziwa Makuu ya Amerika, ambaye mapezi yake hayana wekundu huo. Wote wana pua fupi, na chozi lao halishuki wima bali limelalia nyuma. Mara nyingi hawafiki hata sentimita 30. Kako kana chozi lililolala, magamba mpaka chini, mapezi ya kijani. Ni pikereli nyasi, na kwa sentimita hizo 20 huenda ni mtu mzima kabisa, na wewe umemwita mtoto.

Rafiki yangu wa Kanada anasema amekula pikereli mwenye mapezi mawili mgongoni. Ananidanganya?

Hadanganyi. Sehemu nyingi za Kanada jina hilo hupewa samaki mwingine kabisa, Sander vitreus, wa jamii ya sangara wa Ulaya. Ana mapezi mawili ya mgongoni, la mbele likiwa na miiba, na macho yenye ukungu yanayong'aa yakimulikwa. Esox ana pezi moja, nyuma. Ukisikia Mkanada anasifia minofu ya pikereli isiyo na miiba, ujue si hawa wetu. Hawa wetu wana vile vimifupa vya pacha, umbo la Y, vinavyowatesa walaji.

Je, paiki wa Ulaya wote ni mmoja?

Tuliamini hivyo hadi juzijuzi. Mwaka 2011 wataalamu walimtenga paiki wa Italia, Esox cisalpinus, na mwaka 2014 wakamtenga wa kusini-magharibi mwa Ufaransa, Esox aquitanicus. Waliobaki wengi ni lucius yule yule anayeenea Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini. Ukifika bonde la mto Amur, kati ya Urusi na China, utakutana na Esox reichertii, mwenye mwili wa fedha na vidoa vidogo vyeusi, huyo humkosei.

Fedha peke yake, lakini, isikudanganye. Katika Amerika Kaskazini hutokea paiki wa rangi ya fedha asiye na vidoa, na yeye ni lucius wa kawaida aliyezaliwa na rangi tofauti. Vitundu vitano, kama ndugu zake.

Huyu si ndiye mzia wa maji baridi?

Sura tu. Mzia ana mapezi mawili ya mgongoni yaliyoachana, na ni wa baharini. Wote wawili huvizia kisha hufyatuka kama mshale, na kazi hiyo imewapa umbo linalofanana. Ndugu wa karibu wa paiki ni jamii ya samoni.

Mzee, nitahesabu vitundu saa ngapi na samaki anajitupa? Kuna ulazima gani?

Ulazima upo kwenye sheria. Hapo hapo Minnesota, maski wa chini ya inchi 54, yaani sentimita 137 hivi, hurudishwa majini, wakati paiki mdogo kuliko huyo sana unaweza kwenda naye nyumbani. Ukikosea jina, umekosea sheria.

Muda nao unao, mradi samaki abaki ndani ya maji. Wavu mpana, koleo refu la kutolea ndoano, vidole mbali na meno na mbali na matamvua. Mwache atulie, mgeuze, hesabu. Ukishindwa, piga picha tatu: ubavu mzima, shavu kwa karibu, na chini ya taya. Mwachie aende, halafu hesabu ukiwa umekaa. Na zile picha za ubavu mtupu, tafadhali, msinitumie tena.