Anza kuhesabu na mvua, si na fedha

Ndugu, umeuliza kama mpango wa ununuzi wa barabara yenu ya changarawe chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, usubiri fedha ziingie. Usisubiri. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, masika yanabisha hodi Machi. Ukitangaza zabuni Novemba, mkandarasi atakabidhiwa eneo tope likiwa magotini. Hesabu kurudi nyuma kutoka masika: miezi ya kiangazi, mkataba, tathmini, siku za kutangaza, usanifu na makadirio. Mpango uingie mapema NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Na msigawe kazi vipandevipande kukwepa ushindani, sheria inakataza. Makalavati, yaani mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara, yawe mkataba mmoja na changarawe. Mimi niliyatenganisha mwaka mmoja, changarawe ikasombwa kabla bomba la kwanza halijafika.