Kulala hemani kando ya maziwa ya Rufiji: jibu kuhusu kambi ndogo za Hifadhi ya Nyerere

Dada, umeuliza kama familia yenye watoto wa miaka 8 na 13 inaweza kulala katika kambi ndogo ya mahema ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwezi wa Agosti, au kama ni afadhali mlale Mloka, nje ya lango la Mtemere, na kuingia hifadhini mchana tu. Nimelala pande zote mbili, na ushauri wangu ni kwamba mlale ndani, angalau kwa siku tatu, hata ikiwabidi kupunguza matumizi mengine ya likizo. Sababu yangu haihusu idadi ya wanyama, kwa kuwa anayeingia kwa siku moja na dereva mzuri naye anaweza kukutana na simba na tembo. Inahusu maji, na saa ambazo maji hayo huwa na mambo.

Upande huo wa hifadhi, ambao hadi mwaka 2019 ulikuwa sehemu ya Pori la Akiba la Selous, ndiko mto Rufiji unakoingia tambarare baada ya kutoka kwenye magenge. Hapo mto hujigawa na kuhama, huacha mkondo wa zamani na kuchimba mpya, na ndivyo yalivyopatikana maziwa kama Manze, Nzerakera, Siwandu na Tagalala. Kufikia Agosti nyasi zimekauka na vidimbwi vya porini vimekwisha, hivyo swala pala, nyumbu na nyati hulazimika kushuka ziwani kunywa, na simba analijua hilo vizuri kuliko sisi. Anayelala Mloka hufika ziwani jua likiwa limeshapanda na huondoka kabla ya magharibi ili asikute lango limefungwa, yaani hukosa vipindi viwili bora vya siku.

Boti ndiyo itakayowapa mambo ambayo hifadhi nyingi za kaskazini, tulizozoea kuzisifu, haziwezi kuwapa. Ombeni safari ya jioni, si ya saa tano asubuhi. Nahodha akizima injini karibu na vigogo vya mivumo iliyokufa ikiwa imesimama majini, mtaona furukombe juu, mamba kwenye mchanga, na viboko wamejazana wakiguna na kutazamana nanyi. Mkipata mwongozaji aliyekulia vijiji vya huko, mwulizeni kuhusu kilimo cha mlau, ambacho Warufiji hupanda kwenye udongo wenye unyevu mafuriko yanapopungua, kwa sababu atawaeleza tabia ya mto huu kwa namna ambayo hakuna kipeperushi kitakachoifikia. Mwulizeni pia kwa nini twiga wamejaa upande wa kaskazini wa Rufiji ilhali ng'ambo ya kusini hawapo; watoto wangu walibishana juu ya hilo hadi chakula cha usiku.

Sasa nije kwenye hofu yako kubwa, yaani viboko kuingia kambini. Wataingia, na sikufichi. Kambi hizi hazina uzio, na kiboko hutoka majini giza likiingia kwenda malishoni, ambako mmoja anaweza kula kilo 40 hivi za majani kwa usiku mmoja, kisha hurudi kabla ya mapambazuko. Mtamsikia akikata majani nyuma ya turubai, wakati mwingine karibu kiasi cha kusikia pumzi zake, na usiku wa kwanza hutalala vizuri. Hata hivyo, yeye hulichukulia hema lililofungwa kama kichuguu, kitu cha kukizunguka tu. Hatari iko kwa mtu anayetembea nje gizani na kujikuta amesimama kati yake na maji. Ndiyo maana baada ya magharibi hakuna anayekwenda popote bila askari wa kambi mwenye tochi, na ndani ya hema huwekwa filimbi au redio ya kumwitia. Yule wa miaka 13 ataelewa akielezwa mara moja. Yule wa miaka 8 alale hema moja nanyi, na jambo hili mlithibitishe kabla ya kulipa, kwa sababu mahema mengi yana vitanda viwili tu na baadhi ya kambi hazipokei watoto wadogo kabisa. Kwenye matembezi ya miguu hatachukuliwa, kwa hiyo mzazi mmoja atabaki naye.

Kuhusu starehe, msiwe na wasiwasi. Hema ni kubwa, lina kitanda halisi na chandarua, choo na bafu viko nyuma yake, na maji ya moto huletwa kwa ndoo mkiagiza. Umeme ni wa jua, na simu mara nyingi huchajiwa kwenye banda la kulia chakula. Msiache ndizi wala biskuti hemani, kwa kuwa nyani hujua kufungua zipu. Nguo za bluu na nyeusi ziacheni nyumbani, maana huwavuta mbung'o, na mbung'o wa vichakani huko huuma hata juu ya shati. Malaria ipo, hivyo mwoneni daktari mapema kuhusu dawa za kinga za watoto.

Jambo moja ambalo wauzaji wa safari hawalitaji mpaka waulizwe ni hali ya maji yenyewe. Maziwa haya hutegemea mto kufurika, na tangu Desemba 2022, Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa kwenye mto huohuo, kiasi kikubwa cha maji yanayoshuka huamuliwa na binadamu. Kwa hiyo picha za miaka ya nyuma zisiwe kigezo chenu. Pigeni simu kambini, si kwa wakala, mwulize wiki hiyo boti zinapita wapi na kama ziwa lililo mbele ya mahema lina maji ya kutosha. Mimi ningechagua kambi yenye vitanda vya kawaida na boti inayoelea kuliko yenye bwawa la kuogelea mbele ya tope.

Ulizeni pia kama bei waliyowatajia ni ya wakazi, na kama inajumuisha boti, kiingilio cha hifadhi na tozo ya kulala ndani, kwa kuwa vitu hivyo vikiongezwa baadaye hesabu hubadilika sana. Mkienda kwa gari lenu kutoka Dar, lami ni ya uhakika hadi Kibiti. Kutoka hapo kwenda Mloka nilipita vumbi na makorongo, na gari dogo lisingefika salama, hivyo ondokeni alfajiri na mjaze mafuta kabla ya kuiacha barabara ya Kilwa.