Maswali ya wasomaji: foleni ya madumu, kanga ya mama na mashairi ya irabu tupu

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi ni mwanachuo hapa Dodoma, napanga Makulu. Kwenye maonesho ya chuo nilitengeneza shairi la kulalamikia shida ya maji mtaani kwetu, nikachora foleni ya madumu 12 ya njano kwenye karatasi ya manila, kila dumu lina neno moja na la mwisho nimeandika TUPU. Mwalimu mmoja akapita akacheka, akasema hili sio shairi halina vina wala mizani, na kama ni mchoro basi hujui kuchora. Mjomba nae akasema Bunge si liko hapahapa, kama una shida ya maji mwandikie mbunge. Niambie ukweli kaka, hivi vitu vina nguvu yoyote au najisumbua?
– Mwanachuo, Makulu

JIBU: Pole mdogo wangu, ila huyo mwalimu amefufua ugomvi wa zamani sana. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi, ambayo haikujali vina wala mizani, wataalamu wa ushairi walikuja juu, mashairi ya namna hiyo wakayaita guni, wengine masivina, na watu walibishana miaka na miaka. Kule Kenya nako Kithaka wa Mberia akaja kupanga maneno kwenye ukurasa ili jicho lione umbo kabla hujaanza kusoma. Kwa hiyo madumu yako yana wajomba, hayajaokotwa jalalani.

Lakini na wewe usije ukadhani ukishaacha vina basi tayari umeandamana, hapo ndo vijana wengi wanapochemka. Chukua mtu wa hapahapa kwetu, Mathias Mnyampala, Mgogo, hakimu, aliyefariki 1969. Yule mzee alitengeneza kitu kipya kabisa, ngonjera, mashairi ya kujibizana jukwaani, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 ngonjera zikatumika nchi nzima kuwaelezea watu siasa ya ujamaa. Umbo jipya hilo, ila lilikuwa upande wa serikali, na simlaumu, ndo alichokiamini. Sasa mgeukie Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Alifungwa toka 1969 mpaka 1972 kwa sababu ya kijikaratasi kilichoitwa Kenya: Twendapi?, na hicho kilikuwa maneno ya kawaida tu wala sio shairi. Huko ndani akaandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni, yakatolewa nje kwa kificho, yakawa Sauti ya Dhiki, 1973. Na ukiyasoma utakuta vina na mizani vimenyooka kama mwalimu wako anavyotaka! Mwaka uliofuata kitabu kikapewa tuzo ya Jomo Kenyatta, yaani jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Dah.

Kwa hiyo mwalimu kakosea na wewe umekosea kidogo. Mi nikiona kazi ya aina hii najiuliza hivi: lile umbo linafanya kazi gani ambayo maneno matupu yasingeweza?

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Brazil. Nchi ilikuwa chini ya wanajeshi toka 1964, magazeti yanakaguliwa, watu wanapotea. Mwaka 1970 msanii Cildo Meireles akachukua chupa za Coca-Cola, zile za kurudisha, unakunywa unarudisha chupa inajazwa tena, akaziandika maneno kwa rangi nyeupe, rangi ileile ya maandishi ya kiwandani, mojawapo likiwa la kuwaambia Wamarekani warudi kwao, halafu akazirudisha kwenye mzunguko kama mteja mwingine yeyote. Chupa ikiwa tupu huoni kitu, kioo tu. Ikijazwa ile soda nyeusi maneno yanatokea. Hebu fikiria uko dukani pale Majengo jua la saa saba, umeinua chupa baridi, unasoma jambo ambalo gazeti halithubutu kuliandika, kisha unamaliza, unarudisha chupa dirishani, nae mwenye duka hana habari. Akafanya hivyohivyo kwenye noti pia. Mwaka 1975 mwandishi wa habari Vladimir Herzog alifia mikononi mwa jeshi, wakasema amejiua, Meireles akagonga muhuri kwenye noti: nani alimuua Herzog? Nani atachana hela yake?

Sasa turudi kwenye madumu yako, nimeikuza ile picha uliyonitumia kwenye simu nikaipitia dumu kwa dumu. Dumu la 4 umeandika UKOMBOZI. Futa hiyo. Hakuna mtu kwenye foleni ya maji anayesema ukombozi, watu wanasema "nani wa mwisho hapa?", hilo ndo lilitakiwa liwe shairi. La 7 na la 8 yanasema kitu kimoja. Na la mwisho, mdogo wangu, umechora dumu tupu halafu ukaandika TUPU juu yake, si ungeliacha tu liwe tupu? Hapo umetukosea imani sisi wasomaji.

Ila wazo lenyewe ni zuri na nadhani hujaliona uzuri wake. Kwenye foleni zetu mtu hasimami, linasimama dumu. Mwenyewe kaenda kukaanga vitumbua, dumu lake liko pale na kitambaa chekundu shingoni au jina limeandikwa kwa rangi, na kila mtu anaheshimu. Dumu ni mtu tayari. Ningekuwa wewe ningeachana na manila, nikatafuta madumu 12 ya kweli kwa majirani walioridhia, kila moja neno moja la rangi nyekundu, yakaenda foleni kama kawaida. Kesho yatajipanga tofauti, shairi litakuwa jingine, na jioni maneno yataondoka yamebebwa vichwani, kila moja na nyumba yake.

Mjomba wako hajakosea, hiyo barua kwa mbunge iandike pia. Na kama una mpango wa kubandika kazi yako mtaani omba ruhusa ya mwenye ukuta, mabango ya waganga yametosha kwenye nguzo.

SWALI: Mwanangu, mimi nauza kanga na vitenge, mwaka wa 20 sasa. Binti yangu anasoma mambo ya sanaa, anarudi nyumbani ananiambia eti Wazungu wamegundua kuchanganya maandishi na picha ili kupinga mambo. Nikacheka. Nimekosea?
– Mama wa Sabasaba, Dodoma

JIBU: Shikamoo mama. Hujakosea hata kidogo, cheka tena.

Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na jina lisipoendana na siku ile na mtu yule kanga haijasema kitu. Mnajua nyie wauzaji, mteja anaweza kusifia maua weee lakini hanunui mpaka asome. Nikiwa mdogo nilimwona shangazi yangu, ambaye alikuwa hasemi na wifi yake mwezi mzima, akaenda kwenye msiba wa familia kajifunga kanga ya "Mdhaniaye ndiye kumbe siye", akawa anapita na sinia la chai mbele ya yule wifi, anapita, anarudi, maandishi yako nyuma kiunoni. Hakufungua mdomo. Na angeulizwa angejibu nini? Nimevaa tu, nguo hii ya siku nyingi. Hapo ndipo kanga inapokutana na zile chupa za Brazil nilizomweleza mwanachuo hapo juu, ujumbe umetembea na hakuna wa kumshika.

Nitakachomtetea binti yako ni kimoja tu, kanga nyingi zinapigana na wifi, mke mwenza na jirani, ni chache zinazopigana na wakubwa, na zile zenye sura za viongozi mara nyingi ni za kusifia. Muulize yeye angeandika jina gani. Mkiipata hiyo doti niwekee moja.

SWALI: Mhariri, nafundisha Kiswahili sekondari. Nimesoma kwamba kuna washairi Ulaya waliopinga vita kwa mashairi yasiyo na neno hata moja lenye maana. Huo ni upinzani gani? Nauliza kwa sababu kuna mwanafunzi wangu kaniletea shairi la irabu tupu, anasema ni la kupinga viboko. Nimpe alama ngapi?
– Mwalimu, Mpwapwa

JIBU: Mwalimu, hao ni wasanii wa kundi lililojiita Dada, Zurich, Uswisi, mwaka 1916, Ulaya nzima inauana nje ya mipaka. Hugo Ball, Mjerumani aliyekuwa ameikimbia nchi yake, alivaa mavazi ya maboksi magumu kiasi kwamba ilibidi abebwe kupelekwa jukwaani, akasoma sauti tu. Hoja yao ilikuwa kwamba maneno mazuri yote, taifa, heshima, ushujaa, yameshatumika kuwapeleka vijana kufa, sasa wewe unayepinga utatumia yapi, hayohayo? Mimi binafsi dakika mbili za mashairi hayo zinanitosha, lakini hoja naielewa.

Huyo mwanafunzi usimpe alama kwanza. Msimamishe alisome mbele ya darasa. Mtu anayechapwa huwa hatoi konsonanti, kwa hiyo kama aliwaza hivyo darasa litajua, watacheka mwanzoni halafu watanyamaza. Wakicheka mpaka mwisho, arudie kazi nyumbani.